Idi ya Traksuti

Kikundi: Ukoo wa Bi Zuhura 🌴

Shangazi Rukia: Idi mubarak nyote. Salim, picha tumeiona, mashaallah. Lakini huyo Idrisa chini ya kanzu kavaa nini? Ana mechi baada ya swala?

Salim (London): Dada, nimesema mpaka nimechoka.

Yusra (Leicester): 😂😂 Shangazi, hiyo ni Tech Fleece ya Nike. Vijana wa huku hawakimbii nayo hata basi likiwaacha. Kijivu, suruali imebana kifundoni, zipu mpaka kidevuni, kipochi kifuani. Sare yao hiyo.

Shangazi Rukia: Na raba zile za mawimbi mawimbi?

Idrisa: Wagwan Shangazi 🙏🏽 Ni Air Max 95. Huku tunaziita one ten, sababu zamani zikiuzwa pauni 110.

Shangazi Rukia: Na sasa?

Shangazi Rukia: Idrisa?

Salim (London): Kanyamaza. Mlipaji ni mimi.

Salim (London): Lakini hawakuanza wao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashabiki wa Liverpool walikuwa wakiifuata timu yao Ulaya, wanarudi na Adidas na Lacoste ambazo kwao hazipatikani. Polisi wanatafuta wahuni wa mabuti, wao wanapita zao na raba safi. Mimi kinachonitia hofu ni kofia ya hudi. Mwaka 2005 Bluewater, yale maduka makubwa ya Kent, walipiga marufuku watu kujifunika nayo. Mtoto mweusi akijifunika jioni, askari humwona yeye kwanza.

Idrisa: Baba, yule rapa Skepta katoka hapa hapa Tottenham, na 2017 Nike wakamtolea Air Max 97 yake. Rangi kazitoa Morocco.

Salim (London): Skepta hakuniomba mimi pesa.

Shangazi Rukia: Mama yuko hapa anauliza, wagwan ni tusi?

Yusra (Leicester): Hapana, salamu ya Kijamaika. Ilikuja na watu wa Karibea, wale wa meli ya Windrush ya 1948 na waliofuata, watoto wakakua mtaa mmoja na wengine, lugha zikachanganyika. Sasa hata Mzungu wa Essex anaisema. Na "wallahi" nayo wameichukua. Utamsikia kijana asiyejua hata msikiti uko wapi: "Wallahi bruv, hizi orijino."

Bi Zuhura: Astaghfirullah. Waapia viatu?

Idrisa: Si mimi Bibi, ni mandem.

Bi Zuhura: Huyo Mandemu mtoto wa nani?

Idrisa: 😭😭 Marafiki Bibi, ndo tunavyowaita.

Fadhili: Idrisa, juzi Kongowea nimeokota hizo one ten kwenye mtumba. Elfu mbili na mia tano, ya kulia imechanika kidogo tu.

Idrisa: Tuma picha, upande wa soli.

Fadhili: 📷

Idrisa: Kisigino kina kile kiputo cha hewa, mbele hakuna kitu. Umepigwa bro. Feki, wallahi.

Bi Zuhura: Idrisa!