1,500 jumlisha 250 ni 251,500?! Nimeaibika mbele ya bosi

Jina silitaji, wote mnaijua. Ile programu ya hesabu ya wanaojidai hawataki ekseli, eti hesabu zote zikae kwenye faili la maandishi matupu.

Nimeandika 1,500. Chini yake 250. Mtoto wa darasa la pili atakwambia 1,750. Yeye kaniletea 251,500. Bila onyo, katulia kama maji ya mtungi.

Na mimi kwa kiherehere nikampelekea bosi. Bosi kaangalia karatasi, kaniangalia mimi, karudi kwenye karatasi. "Hizi nyingine umezitoa wapi?"

Kumbe ile koma kaifanya ya desimali. Yaani 1,500 kwake ni moja na nusu! Halafu anaichapa vilevile 1,500, kwa hiyo ukikagua mstari mmoja mmoja huoni kitu. Nimewauliza wenyewe, wamenijibu "soma maelekezo". Laki mbili na hamsini na moja elfu na mia tano, jamani!

daftari_chafu: Bosi hana shukrani. Umezalisha laki mbili na ushee kwa kubonyeza enta.

nukta_na_koma: Kosa lako, mkuu. Koma moja, tarakimu tatu nyuma yake, atajuaje ni maelfu? Ujerumani hiyo ni moja na nusu kweli. Weka `decimal-mark .` (yaani nukta ndiyo ya desimali) juu kabisa ya faili, au andika 1,500.00. Basi.

Mleta mada: Wewe ndiye uliyenijibu "soma maelekezo", nimekujua.

dada_krediti: Afadhali yako. Benki yangu inanitumia faili la CSV, koma inatenganisha safu, na koma hiyohiyo imo ndani ya maelfu, bila alama za kunukuu. 12,400 ikawa 12, ile 400 ikahamia safu ya maelezo. Nimelipa 12, sababu ya malipo: 400.

daftari_chafu: 😂😂 Sababu nzito.

pwani_pwani: Hamjaona kitu. Wahindi waliotupa neno laki wanaiandika 1,00,000. Nilidhani kidole kimeteleza, nikafuta sifuri moja.

mzee_mabano: Mhasibu wetu anaandika hasi kwa mabano, (500). Nikabandika, faili zima likagoma.

dada_krediti: Na tarehe je? Nina 03/04 hapa.

mzee_mabano: Machi.

pwani_pwani: Aprili hiyo. Machi umeitoa wapi?