Tupeane uzoefu: sarufi ya Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, ulitoboaje?

Mama Kitunguu (Morogoro)

Habari zenu wakuu. Nina binti yuko kidato cha kwanza, shule ya kata. Msingi alisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Januari akaingia sekondari, na kuanzia Baiolojia hadi Jiografia vyote vikawa Kiingereza. Juzi karudi na daftari, akalitupa kitandani, akasema yeye hana akili ya lugha.

Nikafungua. Aliambiwa aandike sentensi kumhusu mzazi. Kaandika: "My mother she sells onions big red in the market." Imekatwa kwa wino mwekundu mwanzo hadi mwisho, pembeni sifuri. Hakuna neno hata moja la kumwonyesha kosa liko wapi.

Mimi niliishia kidato cha nne, miaka mingi imepita. Nikakaa naye jikoni, nikaisoma kwa sauti mara tatu, ndipo nikaona. Hiyo ni sentensi safi ya Kiswahili iliyovaa maneno ya Kiingereza: mama yangu anauza vitunguu vikubwa vyekundu sokoni. Ile "she" ndiyo ile a- ya "anauza". Na "onions big red" ni vitunguu vikubwa vyekundu, nomino mbele, vivumishi nyuma, kama tunavyosema siku zote. Mtoto hakuwa mvivu. Alifuata sarufi aliyozaliwa nayo, na hakuna aliyemwambia kwamba kule barabara inageuka.

Naomba tupeane uzoefu. Wewe ulivukaje hapo? Nani alikufungulia, na kwa njia gani? Walimu mlioko kazini nanyi semeni, msitufiche mbinu.

Mnyamwezi wa Reli

Pole dada, mpe binti pole yake.

Mimi nilikuwa shuleni mwaka 1998, Tabora. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Kilichonipata ni kwamba nilinyamaza. Muhula mzima wa kwanza sikuongea darasani, na mapumziko nilikuwa naenda kukaa nyuma ya bweni peke yangu. Siwezi kusema kibao kile kilinifundisha Kiingereza. Kilinifundisha kuwaogopa wenzangu.

Aliyenitoa ni mwalimu wa zamu ya jioni, kijana aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Alinipa kazi moja: kila siku sentensi mbili fupi kuhusu kitu nilichokiona siku hiyo, halafu ya tatu inayoziunganisha hizo mbili. Basi. Siku ya kwanza niliandika "I saw a man. The man carried a goat." Ya tatu ikanishinda. Akaniuliza, ungesemaje kwa Kiswahili? Nikasema, nilimwona mtu aliyebeba mbuzi. Akachora duara kwenye -ye- ya "aliyebeba", akaniambia: hiyo -ye- yako, kwa Kiingereza inatoka ndani ya kitenzi inakwenda kusimama peke yake, inaitwa "who". Na ikishasimama, usiweke tena "he" nyuma yake, kazi imeshafanyika. "I saw a man who carried a goat."

Nilikuwa nimeandika "who he carried" mwezi mzima na kila mara nakatwa. Ile dakika moja ilitosha. Daftari lile ninalo mpaka leo, sentensi zaidi ya mia mbili.

Fundi Saa

Mimi langu fupi. Ingawa... lakini. Kiswahili tunasema "ingawa alichelewa, lakini aliingia" na hakuna anayekushangaa. Kwa Kiingereza ukiweka "although" umeshamaliza, hakuna "but" tena. Nilipoteza alama za hilo kidato cha pili chote, maana kwenye mtihani wa kitaifa yale maswali ya kuandika upya sentensi kwa maelekezo uliyopewa yanalipenda sana. Mwambie binti: kiunganishi kimoja, vishazi viwili.

Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo wadau. Mimi nafundisha Kiingereza shule ya upili ya chini huku Kilifi, gredi ya saba hadi ya tisa. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC, mtaala mpya wa Kenya) liliingia gredi ya saba Januari 2023, nami nilikuwa mmoja wa waliolipokea. Watoto wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza tangu gredi ya nne, kwa hivyo mtu atadhani tatizo la huyo binti halipo kwetu. Lipo. Hapa pwani, mtoto anayeota kwa Kigiriama au Kiswahili ataandika "a table big" vilevile.

Niwaeleze ninavyofanya, mkipenda mjaribu nyumbani.

Naomba duka liniwekee maboksi matupu. Tunakata vipande, kila kipande neno moja kwa kalamu nene, tunatoboa na kufunga uzi ili mtoto avae kifuani. Neno "table" anavaa mmoja, anasimama mwisho upande wa kulia. Halafu naita mmojammoja: "lovely", "small", "old", "round", "brown", "Kenyan", "wooden". Kila mmoja atafute nafasi yake kwenye foleni. Mara ya kwanza huwa ni vurugu. Wanasukumana, wanabishana, wanasoma kwa sauti kuanzia kushoto, wanasikia kuna kitu hakijakaa. Nawaacha. Dakika kumi ninazoziachia ubishi huo ndizo ninazozithamini kuliko zote. Mwishoni ndipo nawapa mpangilio: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kutengenezea, kisha matumizi kama yapo. Walimu wengi hulifupisha kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza (opinion, size, age, shape, colour, origin, material, purpose), OSASCOMP, na watoto hulikariri kama wimbo. Sina ubaya na kukariri, ila nataka walikariri baada ya miguu yao kuipitia ile foleni.

Kisha nawauliza, Kiswahili chenu kikoje? Wanageuka. "Table" anahamia mwisho wa kushoto, anakuwa meza, wengine wanamfuata nyuma: meza ndogo nzuri ya mbao. Mtoto akishaona kwa macho yake kwamba nomino imevuka upande wa pili, hasahau.

Siku nyingine ni zamu ya "only". Hili nalipenda mno. Tunaandika "Asha gave Juma a mango", watoto watano wanaivaa, na mmoja anavaa "only" peke yake. Kazi yake ni kutembea. Akisimama mbele ya Asha, ni Asha tu aliyempa Juma embe, wengine hawakumpa. Akisimama mbele ya "gave", alimpa tu, hakumuuzia. Mbele ya Juma, ni Juma tu aliyepewa. Mbele ya "a mango", alipewa embe tu, hakuna kingine. Neno moja, maana nne. Halafu nawaambia waseme hizo nne kwa Kiswahili, na wenyewe wanagundua kwamba "tu" yetu inakuja nyuma ya inayemhusu, na "only" inatangulia. Mwaka jana msichana mmoja, ambaye alikuwa haongei kabisa, alinyanyua mkono akasema, "Mwalimu, kumbe ni kitu kilekile kimegeuza uso." Niliandika maneno yake ubaoni na nikayaacha wiki nzima.

Ndiyo maana nikisikia sifuri isiyo na maelezo naumia. Kosa la mpangilio linaonyesha mtoto anafikiri. Mwalimu akiandika tu "nomino nyuma" pembeni, amemsaidia kuliko wino wote ule.

Pemba Kwetu

Assalaam aleikum. Mwalimu nakuheshimu, lakini nina wasiwasi. Mtoto akizoea kupitia Kiswahili kila mara, atafasiri kichwani mpaka lini? Huku kwetu sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka Hesabu na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wanangu wamepita humo, na niliowaona wakifanya vizuri ni wale waliosoma hadithi nyingi tu, vitabu vyepesi, mpaka sikio likazoea. Hawakujua hata kivumishi ni nini. Ukiwauliza kwa nini "big red" na siyo "red big" watakwambia ndivyo inavyosemwa.

Mwalimu wa Kilifi

Waaleikum salaam. Ndugu yangu, umesema kweli kuhusu kusoma, na hata mimi nina kisanduku cha hadithi darasani, kila Ijumaa ni kusoma tu. Sikio ndilo mwalimu mkuu. Ila vitabu hivyo wanangu wengi hawana nyumbani. Nikisubiri sikio lizoee, watafika mtihani halijazoea. Kulinganisha lugha mbili ni ngazi ya mtu asiye na maktaba. Akishapanda, ngazi anaiacha mwenyewe.

Pemba Kwetu

Hapo kwenye maktaba umenishika. Wanangu walikuwa na mjomba anayewaletea vitabu.

Baba Furaha (Ohio)

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani, natoka Uvira, tuko Columbus na familia. Kiswahili changu na chenu ni ndugu, mtanivumilia.

Mtoto wangu wa kike yuko darasa la saba. Huku majimbo mengi yalifuata viwango vya masomo vya Common Core vilivyotoka 2010, au vilivyotokana navyo, na ndani yake darasa la saba limetajwa wazi: mwanafunzi ajue kuweka virai na vishazi mahali pake, na kusahihisha vile vilivyowekwa vibaya au vinavyoning'inia. Siku moja akaleta karatasi: "Running to the bus, my bag fell." Mwalimu kaandika, nani alikuwa anakimbia? Mtoto akasema, baba, ni mimi, si inaeleweka?

Nilikaa na hiyo karatasi usiku. Niliisema kwa Kiswahili: nikikimbilia basi, begi langu lilianguka. Hapo ndipo nikaelewa. Kwetu ile ni- ya "nikikimbilia" imebeba mtu tayari. Hata ukiweka begi nyuma yake, mkimbiaji anajulikana, ni mimi. Lakini "running" haina mtu ndani. Iko tupu. Inamshika wa kwanza inayemkuta baada ya koma, na wa kwanza ni begi. Kwa hiyo kwa Kiingereza begi ndilo lililokuwa linakimbilia basi!

Nikamwamsha asubuhi nikamweleza. Akaandika mwenyewe mbili. "Running to the bus, I dropped my bag." Na "As I was running to the bus, my bag fell." Ya kwanza kamweka mtu karibu. Ya pili kaweka mtu ndani ya kishazi, kama sisi tunavyofanya.

Nyingine niliipata kwenye darasa la watu wazima, maktaba ya mtaa. Mama mmoja mzee alitufundisha kuchora sentensi kwa njia ya Reed na Kellogg, Wamarekani wawili wa mwaka 1877. Unachora mstari mlalo, unaukata kwa mstari wima: kushoto mtenda, kulia kitenzi. Kila kivumishi unakining'iniza kwa mstari wa mshazari chini ya neno lake lenyewe. Ukifika kwa "running" unatafuta pa kuining'iniza, na pale kwenye mstari pako "bag" peke yake. Unaliona kosa kwa macho. Shule nyingi ziliacha michoro hiyo zamani, lakini mimi na Furaha tunaichora mezani hadi leo. Alipokuwa mdogo hakuwa na kitu cha kufundishwa na mimi kwa Kiingereza, nilikuwa nyuma yake siku zote. Kwa mistari hiyo tulikaa sawa.

Nyongeza ndogo: mimi nilisomea Kifaransa, na Kifaransa nacho mara nyingi kivumishi kinakuja nyuma, rangi hasa. Kwa hiyo nilibeba mazoea mawili yanayoelekea upande mmoja. Wakongomani wenzangu mnaosoma hapa, msijilaumu.

Mnyamwezi wa Reli

Baba Furaha, ile "iko tupu" umenielezea kitu ambacho nilikuwa nafanya kwa kubahatisha miaka yote hii. Asante sana.

Mama Kitunguu

Wakuu, nimerudi. Nimesoma yote kwa sauti, binti akiwa pembeni.

Jana jioni tulikata boksi la sabuni kama alivyosema mwalimu. Mdogo wake wa darasa la tatu alivaa "onions", yeye akavaa "big", mimi "red", tukajipanga uani. Majirani walisogea kuangalia, mmoja akaomba naye avae neno. Tulipofika kwenye foleni ya Kiswahili na mdogo wake akahamia mbele, binti alinitazama tu, akaingia ndani, akachukua daftari.

Kaandika: "My mother sells big red onions in the market." Chini yake, kwa njia ya Mnyamwezi: "My mother, who wakes up at four, sells big red onions in the market."

Halafu akajaribu peke yake bila kuulizwa: "My mother sells onions to customers in small baskets." Akaisoma. Akasimama. Akaniuliza, mama, walio kwenye vikapu ni nani, vitunguu au wateja? Akafuta, akaandika "sells onions in small baskets to customers".

Leo analipeleka daftari kwa mwalimu wake na amesema ataomba aelezwe kila atakapokatwa. Mwalimu wa Kilifi, usiku anataka tufanye ile ya "only" na tuko watatu tu nyumbani, sentensi ina maneno matano na "only" wa sita. Tufanyeje, au nimwite tena yule jirani?

Mwalimu wa Kilifi

Mwite jirani. Na maneno mengine yaanikeni kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, muhimu "only" avaliwe na mtu, awe na miguu ya kutembea.