Dume, mrija au sindano: kwa majike wanane nichague nini?

Mfugaji wa Tukuyu: Wakuu, nina majike wanane wa maziwa, chotara wa Friesian. Wawili wamepita siku 120 tangu wazae na bado hawana mimba. Nifuge dume, nibaki na mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija wa mbegu, au wote wachomwe homoni wapandishwe kwa mkupuo?

Banda la Nyuma: Dume mzima anatosha majike 25 hadi 30. Kwako atakula bure tu. Na wa jirani usimwazime kabla hajapimwa brusela, ugonjwa unaotoa mimba. Mimi niliazima, majike watatu wakatupa mimba.

Mama Ndama: Namtetea dume kidogo. Joto, yaani jike kutaka dume, hata la saa nane usiku yeye halimpiti, sisi tumelala!

Mhimilishaji wa Hai: Mara nyingi kinachoharibu ni muda wa kutupigia simu. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24. Kusimama apandwe huchukua saa 12 hadi 18, chotara wengine pungufu ya hapo, na yai hutoka joto likishakwisha. Ukimwona asubuhi, nije jioni; ukimwona jioni, nije kesho asubuhi. Wengine hunipigia wakiona damu mkiani. Hapo nimeshachelewa, andika tarehe tu usubiri mzunguko ujao.

Mfugaji wa Tukuyu: Na sindano je?

Mhimilishaji wa Hai: Homoni yenyewe, prostaglandini, huleta joto, ila haimshiki aliye mwanzoni mwa mzunguko, ndiyo maana huchomwa mara mbili, siku 11 zikipishana. Lakini mwenye mimba ataitoa, kwa hiyo daktari awapime kwanza. Na aliyekonda mbavu zikahesabika, mpe chakula kabla ya dawa.

Banda la Nyuma: Tena wanane wakizaa pamoja, watakauka maziwa pamoja, kama miezi miwili kabla ya kuzaa tena. Utamwambia nini mteja wa maziwa miezi hiyo miwili? Sindano ningewapa hao wawili tu, wengine uwapishanishe. Mimba ni siku 283 hivi: anayepandishwa mwanzoni mwa Februari anazaa Novemba, mvua zikianza huko kwenu na majani yakichipua.

Mfugaji wa Tukuyu: Basi hao wawili wapimwe kwanza, na daftari nanunua leo. Ila kuna mmoja tangu asubuhi anapanda wenzake, nimpigie mhimilishaji?

Mama Ndama: Anapanda, au anasimama akipandwa? Mwenye joto la kweli ni yule anayetulia chini. Rudi bandani ukaangalie vizuri.