Baridi ya Julai na kifua: kwani panya wa maabara watatuambia nini?

MamaK_Kinoo: Habari zenu. Huu mwezi wa saba huku kwetu baridi inauma mbaya, na kijana wangu ana pumu, akikimbilia matatu asubuhi kifua kinaanza kulia filimbi kabla hata hajafika steji. Kwa duka la dawa niliambiwa ni hewa baridi. Sasa nasikia hii kitu huwa wanaijaribu na wanyama, na mimi nashindwa, kwani panya ana kifua kama cha mtoto wangu? Na wakimweka kwa friji si anapigwa na baridi mwili mzima, watajuaje shida ni pumzi?

daktari_wa_mifugo_bado: Hapo kwa friji umegonga ndipo, hata watafiti hujaribu kutenganisha baridi ya mwili na ya pumzi. Farasi anakimbizwa kwa tredimili mwili ukiwa mahali pa joto la kawaida, halafu anavalishwa maski inayomletea hewa ya chini ya nyuzi sifuri. Hapo ni pumzi tu. Na walipokuja kuangalia mapafu baadaye walikuta dalili za njia za hewa kuvimba. Kumbuka farasi hupumulia pua peke yake, na pua ndiyo hupasha hewa joto na kuitia unyevu, lakini akikimbia sana pua inazidiwa. Panya naye pia ni wa pua, ni mdogo, na misuli ya njia zake za hewa ni kidogo, ndio maana kwa pumu wengi hupenda simbilisi (guinea pig), huyo anabanwa karibu kama sisi.

Otis254: Na mbwa usiwasahau bana. Wale wa kuvuta sleji kwa theluji kule Alaska, mbio za Iditarod za karibu kilomita 1,600, waliingizwa kamera kwa njia ya hewa baada ya mbio na wengi wakakutwa na makohozi yamejaa. Watu wa kuteleza kwa skii pia wana pumu kuliko kawaida. Lakini hiyo ni Alaska, Nairobi alfajiri ni nyuzi 10, 11 hivi, msitishe mama wa watu.

daktari_wa_mifugo_bado: Sawa, lakini si lazima igande. Hewa baridi hubeba maji kidogo, kwa hivyo ukihema kwa mdomo inakausha njia, na kwa mwenye pumu ukavu huo unatosha kubana. Halafu kuna ya virusi: 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walitumia seli za njia ya hewa za panya, wakaona virusi vya mafua ya kawaida (rhinovirus) vinazaana vizuri kwa nyuzi 33 kuliko 37, kwa sababu kinga ya seli inalegea.

MamaK_Kinoo: Ehe, sasa naelewa, huyu wangu hukimbia mdomo wazi! Lakini usiku pia anakohoa na yuko ndani.

Otis254: Mna jiko la makaa ndani na madirisha yamefungwa?

MamaK_Kinoo: ...ndio

Otis254: Basi hiyo huenda si baridi, ni moshi. Toa jiko nje leo leo, hata gesi yake inaua. Asubuhi mfunge skafu puani na mdomoni atembee asikimbie, na uulize kliniki kama apulize inhela kabla ya kutoka.

daktari_wa_mifugo_bado: +1. Na farasi hana jiko kwa nyumba, hiyo hakuna maabara ingekuambia.