Gumzo la ukoo: Joto hili, twendeni Lushoto

Mama Zuhura: Jamani, kuna aliyelala jana? Huku Dar, Tandika, feni inapuliza moto tu. Saa tisa usiku nimewakuta watoto wamejilaza sakafuni, godoro wamelikimbia.

Rama: Shikamoo shangazi. Mimi niko Lushoto, huku milima ya Usambara, tangu juzi, nalala na mablanketi mawili 😂

Mama Zuhura: Marahaba. Usinitanie asubuhi hii, Rama.

Rama: Wallahi! Saa hizi saa nne na ukungu bado upo. Mama anayeniuzia matunda sokoni kavaa koti na kofia ya sufu.

Idi: Januari na koti! Ndiyo maana Wajerumani walipapenda, wakapaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Kule ni kama mita 1,400 juu, si mchezo.

Zuhura: Mjomba, kwa nini tusiende Zanzibar? Tuogelee.

Idi: Zanzibar jasho ni lilelile, unaongezewa chumvi.

Mama Zuhura: Kigari chetu kitapanda?

Rama: Kitapanda, lami mpaka mjini. Ila mkikata kona pale Mombo, zaidi ya kilomita 30 zote ni kona juu ya kona, huku mwamba, huku korongo. Siku ya kushuka dereva asining'inie kwenye breki, aweke gia ndogo. Na anayetapika akae mbele.

Zuhura: Huyo mama 🙈

Mama Zuhura: Nimekuona.

Idi: Pumzikeni Soni, muone maporomoko. Halafu Irente msikose. Unasimama juu ya jabali, chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge, kule watu wanaungua, wewe umejifunga sweta.

Rama: Jibini ya Irente pia. Na matunda damu ndiyo msimu wake! Nilinunua ndoo niwaletee, imebaki nusu.

Mama Zuhura: Masweta tunayatoa wapi sasa?

Zuhura: Soko la Karume, kwenye mitumba. Kesho alfajiri nawahi.

Bibi: Na mimi mniandike.

Idi: Mama, na magoti yako? Kule usiku baridi inauma.

Bibi: We Idi, mimi nimezaliwa Bumbuli, milima hiyohiyo, leo unanifundisha baridi?

Rama: 😂😂😂

Mama Zuhura: Haya mama, upo kwenye orodha. Ila kiti cha mbele nimeshakiwahi mimi.