Natafuta nasaba ya babu aliyekuwa mwigizaji na meneja wa kikundi cha maigizo Kampala

Mjukuu wa Jinja
Salaam kwenu nyote. Ninafuatilia nasaba ya upande wa baba, ambao ni Waganda. Kiswahili nimekirithi kwa mama, Mnubi wa Bombo. Wazee husema babu aliigiza Kampala miaka ya 1960, kisha akawa meneja wa kikundi kilichokodi kumbi na kuzunguka mijini, na kwamba baba yake naye aliandaa michezo ya kuigiza katika shule ya misheni. Tumebaki na picha moja tu ya watu waliovaa mavazi ya jukwaani, yenye majina mawili ya penseli nyuma yake ambayo hakuna anayeyatambua. Nimelitafuta jina la baba kila mahali, wala sijalikuta. Nianzie wapi?

Mzee wa Mengo
Mwanangu, jina la baba yako halitakufikisha mbali, kwa sababu kwa desturi ya Buganda kila mtoto hupewa jina lake kutoka katika majina ya ukoo, hata ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti kabisa. Uliza kwanza kika chake, yaani ukoo wenye mwiko wake, kisha ssiga, mutuba na lunyiriri, ambayo ni matawi yanayoshuka hadi kwenye nyumba yenu. Ukishayajua hayo, mtafute omusika, mrithi aliyesimikwa siku ya kumaliza matanga ya babu, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyekabidhiwa sanduku la karatasi za marehemu. Usisahau vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, ambavyo huandika majina ya wazazi na ya wasimamizi; si ajabu msimamizi wa ndoa akawa mwigizaji mwenzake.

Mpenzi wa Jukwaa
Naongeza upande wa sanaa. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka 1959, lakini mwandishi wa maigizo Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha chama cha wasanii Waafrika tangu 1954, na mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kupeleka maigizo ya kuzunguka mikoani. Kwa hiyo tafuta jina la kikundi kabla ya jina la mtu. Katika maktaba ya Makerere pitia magazeti ya Uganda Argus na yale ya Kiluganda kama Munno na Taifa Empya, hasa matangazo madogo ya maonyesho, kwani humo ndimo hutajwa kikundi, ukumbi na kiingilio. Mwigizaji wa nafasi ndogo huachwa nje, ila meneja huandika barua, huomba kibali cha onyesho na hudaiwa kodi ya ukumbi. Ndiyo maana mimi ningeanza na huyo meneja na kumwacha mwigizaji kwa baadaye.

Mjukuu wa Jinja
Asante, Mzee, nami nimeshampigia shangazi: ukoo ni wa Mamba, yaani samaki kamongo kwa Kiluganda, si mamba wa Kiswahili. Anasema pia kwamba mitaani babu aliitwa kwa jina la mhusika aliyemwigiza, na kwamba baada ya mwaka 1977 hakuongea tena habari za jukwaa.

Binti wa Kawempe
Hilo la 1977 lisikushangaze. Mwaka huo Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa Ukumbi wa Taifa, alikamatwa na kuuawa na utawala wa Amin baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos. Robert Serumaga, mwandishi wa maigizo, alifia Nairobi mwaka 1980, na wasanii wengine walikwishatoroka. Waulize wazee kwa upole, na usimwulize mtu mmoja mbele ya kundi.

Kuhusu majina ya penseli, yalinganishe na lile jina la mtaani, kwa sababu waliopiga picha wakiwa wamevaa mavazi ya jukwaani mara nyingine waliandikwa kwa majina ya wahusika. Kama nyuma kuna muhuri wa studio, upige picha kwa ukaribu: anwani ya sanduku la posta pamoja na jina la barabara hukusaidia kubaini miaka, maana barabara kadhaa za Kampala zilibadilishwa majina katika miaka ya 1970.

Mjukuu wa Jinja
Muhuri upo, dada, na jina la barabara linasomeka. Kesho nampelekea shangazi nakala, yeye peke yake.