Tupeane uzoefu: digrii ya ujenzi Uganda bila kuuza shamba

Mwashi wa Mpakani
Ndugu zangu, mimi ni mwashi hapa Busia, upande wa Uganda. Najenga tangu 2013, umri miaka 31, nina cheti cha uashi nilichosomea baada ya S.4, yaani kidato cha nne. Mwezi uliopita nilinyimwa usimamizi wa saiti, akapewa kijana ambaye pima maji anaishika kama rula ya shule. Ana digrii, mimi sina. Sina ugomvi naye. Nataka na mimi nisome, ila watoto wawili wako shuleni na shamba la kuuza sina. Mliosoma ujenzi mkiwa tayari kazini, mlipitia wapi, mlilipaje, na ni nini kiliwaumiza? Naomba yaliyowapata nyinyi wenyewe, ya kusikia ninayo ya kutosha.

Dada Mkadiriaji, Jinja
Kaka, mimi nilianza hapo hapo ulipo. Cheti, halafu diploma ya ujenzi Uganda Technical College Elgon, kule Mbale, miaka miwili. Nikatoka nikamfanyia kazi mkandarasi miaka mitatu nikiweka akiba, ndipo nikaenda Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, kwa mlango wa wenye diploma. Nilisoma uchumi wa majengo: unapima ramani, unatoa BOQ, yaani orodha ya vifaa, kazi na gharama zake, unajifunza mikataba na malipo ya mkandarasi. Kyambogo nilipapenda kwa sababu chuo kile kina damu ya ufundi. Kabla ya kuunganishwa na taasisi nyingine mbili kuwa chuo kikuu mwaka 2003, pale palikuwa na Uganda Polytechnic. Huonekani kituko ukiingia darasani na viatu vyenye saruji.

Sasa pesa. Watu huuliza ada ya muhula tu, halafu wanashangaa. Kuna usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, na mafunzo ya viwandani ambapo unafanya kazi wiki nyingi pengine bila malipo huku nauli ni yako. Mimi kilichoniokoa ni shangazi yangu anayeishi Banda, nilikuwa natembea kwa miguu hadi darasani. Bila shangazi, hosteli ingemeza akiba yote mwaka wa kwanza. Na Jumamosi nilikuwa napimia ramani wakandarasi wadogo, BOQ moja inalipa chakula cha mwezi.

Kilichoniliza ni hesabu. Kalkulasi nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho. Nilipata riteki mbili, yaani kurudia somo nililofeli, na riteki unailipia. Kwa hiyo ukiuliza chuo chochote, uliza na hili: mwenye diploma anaanzia mwaka wa kwanza au wa pili? Mwaka mzima ukipungua, hakuna punguzo la ada litakalokupa faida kama hiyo.

Mzee wa Ntinda
Mwanangu, mimi nitakueleza la aibu. Nilijiandikisha digrii ya jioni katika chuo kimoja cha binafsi kwa sababu ada ilikuwa chini na ukumbi uko karibu na kazi. Mwaka wa pili ndipo nikajua kwamba chuo kina kibali, lakini programu yenyewe niliyokuwa nasoma haikuwa na ithibati. Nilikuwa nadhani kibali cha chuo kinafunika kila kitu. Sivyo. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, linathibitisha programu moja moja, na kila programu hurudi kupitiwa upya baada ya muda. Mnakumbuka kelele za 2023, hata programu za vyuo vikubwa zilipoonekana kwenye orodha kuwa muda wake umepita? Fungua orodha ya NCHE mwenyewe, tafuta jina la digrii neno kwa neno. Usimwamini karani wa udahili, yeye ana kiti cha kujaza.

Na amua unataka kuitwa nani. Ukitaka kuwa mhandisi aliyesajiliwa, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka digrii ya uhandisi inayoitambua. Uchumi wa majengo aliosoma binti yangu hapo juu ni kazi nzuri sana, ila njia yake ni ya wakadiriaji na wapimaji, wenye bodi yao.

Fundi Bomba
Digrii haijengi ukuta. Nina vijana wanne chini yangu na nyumba mbili.

Dada Mkadiriaji, Jinja
Hongera. Siku mteja akikuomba BOQ nitafute.

Omoro wa Lira
Mimi nilipata mkopo wa serikali, ile bodi ya kukopesha wanafunzi wa elimu ya juu, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Ilinilipia ada ya masomo, zile ada nyinginezo, na utafiti. Chakula na kulala ni juu yako. Ni ya Waganda tu, na kozi za sayansi na teknolojia ndizo zinazopewa nafasi. Ukimaliza wanakuachia mwaka mmoja kabla ya kuanza kudai. Ushauri: anza kutafuta karatasi za mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mapema, mimi karibu nichelewe kwa ajili ya muhuri mmoja.

Mkongo wa Nakivale
Sisi wakimbizi mkopo huo hatuugusi. Mimi nilisoma kwa DAFI, ufadhili ulioanzishwa na Ujerumani mwaka 1992 na kusimamiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Waombaji ni wengi, nafasi chache. Kazi kubwa ilikuwa kutafsiri vyeti vyangu kutoka Kifaransa na kuvilinganisha na vya hapa; hilo lilikula miezi. Kisha darasani napaswa kujua zege na nondo kwa Kiingereza, wakati mikono yangu inazijua kwa Kiswahili.

Bibi Timazi, Mbarara
Mwashi, kwa kuwa umeshapita miaka 25, utasikia watu wakikuambia ufanye mtihani wa watu wazima uingie moja kwa moja bila diploma. Mimi nilifanya, nikafaulu, nikaingia. Nikaacha baada ya mwaka. Mtihani ule ulinifungulia mlango, lakini fizikia haukunifundisha. Nilirudi kuchukua diploma, na sasa niko mwaka wa mwisho. Jumla nimelipa zaidi ya mtu aliyeenda taratibu.

Mwashi wa Mpakani
Nimesoma yote mara mbili, asanteni. Mama watoto amesema Mbale ni karibu, nitarudi nyumbani wikiendi. Nikianza na diploma nitakuwa na miaka 33 nikitoka, na nondo bado nitakuwa nazifunga Jumamosi. Dada wa Jinja, zile noti zako za kalkulasi bado unazo?

Dada Mkadiriaji, Jinja
Zipo. Panya wamekula kurasa za mwanzo, lakini zile zilikuwa rahisi. Nitakutumia kwa basi la Busia.